Maisha ya Bi Maswali, Yanayosomwa na Kaka Yake

Ndugu wafiwa, majirani, wauguzi na madaktari mliofika kumsindikiza marehemu, wasifu huu unasomwa na kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, kwa ombi la marehemu mwenyewe. Aliombwa mbele ya mashahidi, akakubali kabla hajaona hata neno moja. Katika ukoo huu hakuna anayezikwa bila sauti yake, maana ni nzito, haibabaiki, na ikifika penye uchungu inajua kutua. Marehemu aliyasema haya akiwa kitandani, binti yake akayaandika. Kaka ameyapata leo, pamoja nanyi. Kila mmoja ana nakala mkononi, kwa hiyo msomaji akiruka mstari atajulikana.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1964, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi seremala na mshona mashuka wa hospitali. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana, na vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye chai. Alianza kusema mapema, na alianza kwa kuuliza. Siku moja mteja alikuja kuagiza jeneza, mtoto akamkabili: "Aliyekufa mlimuuliza anapenda mbao gani?" Yule mteja, aliyefika na macho mekundu, alicheka mpaka ikabidi akae kwenye benchi. Baba alimkanya binti yake kwa kuwa ilimpasa kukanya, ila kuanzia hapo akamwita Bi Maswali, na jina likamganda.

Alisoma shule ya msingi mtaani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1985 akaingia chuo cha uuguzi. Kaka mkubwa ndiye aliyemnunulia viatu vyeupe vya wodini na kumfundisha kuvipaka chaki visionekane kuukuu. Hilo lisemwe, kwa sababu marehemu hakupenda kumnyima mtu haki yake, hata mtu aliyemkasirikia hadi mwisho.

Mdogo wao, kitindamimba, alikataa useremala na kwenda kuwa mpishi hotelini. Baba alimaka. "Mwanamume gani anashinda na aproni?" alisema, naye mwenyewe kavaa aproni imetapakaa gundi kuanzia kifuani hadi magotini. Mpishi hakucheka, alifunga virago akaondoka. Baba na mwana wakanuniana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Mwaka 1988, mama akiwa ameshatangulia mbele ya haki, baba aliugua saratani ya ini. Daktari alimwita kaka mkubwa pembeni, akamweleza kwamba mzee haponi. Kaka akakata shauri kwa niaba ya wote: mzee asiambiwe. Marehemu, wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alipata ruhusa ya siku chache akaja. Alimkuta baba ameuma pembe ya shuka kwa maumivu, mezani pana vidonge vya kichwa. Dawa kali ilikuwepo, lakini kaka aliikataa kwa hoja kwamba mzee akiiona atajua anakufa. Baba alimshika binti yake mkono, akamwambia, "Nikipata nafuu kidogo tu, nitamfuata mdogo wako hukohuko hotelini. Nimechoka kununa." Marehemu akamuuliza kaka kama mdogo wao ameitwa. Kaka akajibu bila kupepesa, "Nimemwita mara mbili. Amekataa."

Baba alikufa tarehe 21 Oktoba 1988, akiendelea kusubiri nafuu. Kwenye maziko, kaka alisoma wasifu wa baba kwa sauti hiihii mnayoisikia sasa, na ndani yake kulikuwa na maneno haya: "Mtoto mmoja aliitwa kwenye kitanda cha baba yake, akagoma kuja." Watu waliguna. Mpishi alikuwa amesimama nyuma na mfuko wake wa safari, amepata habari kutoka kwa dereva wa lori. Aligeuka akaondoka kabla udongo haujarudishwa. Tangu siku ile akaitwa mtoto aliyegoma, na dada yake pia alimwita hivyo.

Kazi ya marehemu ilitokana na ile shuka iliyoumwa. Alifanya uuguzi wodini kwa miaka kumi, akarudi chuo kikuu, kisha akajitosa katika utafiti wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu na kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, yeye pamoja na watu wake. Jopo la kwanza alilokwenda kuliomba kibali lilimcheka. Mzee mmoja wa jopo alimwambia, "Mama, kufa si somo." Akamjibu, "Basi wewe utafeli." Kibali kilicheleweshwa, lakini alikipata.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja. Kwa kila familia alikaa kwanza na mgonjwa peke yake, halafu na ndugu, halafu na muuguzi au daktari, na wote aliwauliza jambo lilelile: unajua nini, na umemficha nani? Wagonjwa wengi walikuwa wanajua zamani na wamenyamaza ili wasiwaumize ndugu. Ndugu walinyamaza ili wasimvunje moyo mgonjwa. Madaktari walisema ndugu ndio waliokataza. Kulikuwa na wauguzi waliokwenda kulia stoo ya mashuka kisha wakarudi wodini wakitabasamu. Nyumba nzima inajua siri, na kila mtu anailinda isimfikie mwenzake! Aliandika, akafundisha, na hospitali kadhaa zikabadili utaratibu: mgonjwa aulizwe mapema ataka kujua nini, na nani awepo anapoambiwa. Aliwaambia wanafunzi wake wasije wakamjadili mgonjwa koridoni akiwa hai, yu macho, mita chache kutoka hapo walipo.

Mwaka 1993 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali. Uchumba wao ulianza kwa mahojiano, maana hakujua njia nyingine. Alimuuliza, "Ukiugua ugonjwa mbaya, utataka kuambiwa?" Fundi akafikiri, bisibisi mkononi. "Nitataka. Lakini uniambie nikiwa nimeshakula." Akaolewa naye kwa jibu hilo, na katika miaka yote ya ndoa hakumpa habari mbaya kabla ya chakula. Mungu aliwajalia binti mmoja.

Februari mwaka 2023 marehemu alianza kukonda na kuumwa mgongo. Akalazwa, akapimwa. Daktari aliyemhudumia alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, kijana mwema, mwenye alama nzuri. Majibu yalipotoka, kijana huyo alichungulia mlangoni, akamwona mwalimu wake amelala, akamwona kaka mkubwa, mzee mwenye kofia na heshima zake, ameketi kando, basi akamwita mzee nje. Marehemu hakuwa amelala. Aliwaona kupitia kioo cha mlango, vichwa viwili vimeinamiana, na akajua hata kabla ya maneno.

Kaka alirudi na tabasamu la siku ya wazazi shuleni. "Mdogo wangu, daktari anasema ni uchovu tu. Kazi zako hizi. Utapona."

"Kaka, una uso uleule," marehemu alimwambia. "Uso uliomwonyesha baba."

Akaagiza daktari aitwe. Kijana akaja, akasimama miguuni pa kitanda.

"Daktari, humu ndani mgonjwa ni nani?"

"Ni wewe, mwalimu."

"Sasa mbona umeenda kumtibu huyu?"

"Aliniomba, mwalimu. Aliniambia wewe huna moyo wa kuhimili."

"Vuta kiti. Ulifundishwa na nani kuvuta kiti?"

"Na wewe."

Akavuta, akakaa, akamwambia yote: saratani ya kongosho, imesambaa, haitatibika, ila maumivu yatadhibitiwa. Marehemu alilia, kisha akampa alama. Alimpa nusu, kwa kuwa alianza vibaya. Daktari huyo yupo hapa leo na ameridhia jambo hili lisomwe.

Lakini hayo ya koridoni yangemalizika kwa kugombezana, kama si yaliyofuata nyumbani. Marehemu alirudishwa kwake na dawa zake. Mchana mmoja binti yake alikuwa sebuleni, akisema ataka kumpigia simu mjomba mpishi. Kaka mkubwa akamzuia. Mlango wa chumbani ulikuwa umesindikwa tu, na marehemu alisikia kila neno.

"Usimwite huyo. Akitokea mlangoni, mama yako ataelewa kwamba ni kwaheri. Hata kwa babu yako sikumwita, kwa sababu hiyohiyo."

Msomaji anaombwa hapa asimeze mate wala asishushe sauti. Arudie, ili waliokaa mbali wasikie: hata kwa babu yako sikumwita.

Miaka thelathini na mitano mtu amebebeshwa dhambi ambayo hakuitenda, amepakwa matope mbele ya kaburi la baba yake, amepitwa kwenye harusi na kwenye misiba. Kaka hakuwa na nia mbaya alipoanza. Alitaka mzee asishtuke. Lakini ilipobidi kueleza kwa nini kitindamimba hakuwepo, aliona ni nafuu kumchafua mdogo wake kuliko kukiri kosa. Hapo ndipo marehemu alipokasirika, na hasira ile ilimpa nguvu kuliko drip zote.

Alimpigia mpishi mwenyewe. "Mdogo wangu, nakufa, na nimekukosea. Njoo." Alikuja siku ileile. Hakuuliza maswali. Alifunga aproni, akaingia jikoni, akapika supu laini ambayo tumbo la dada yake liliikubali, na hakuondoka tena. Dada alimwambia maneno ya baba, kwamba mzee alichoka kununa na alitaka kumfuata. Mpishi aliegemea ukuta, akakaa chini sakafuni, akalia mbele ya shemeji yake bila kuona haya.

Kisha marehemu akamwita kaka mkubwa. Hakumwambia alichosikia. Alimwomba tu amsomee wasifu siku ya maziko, kama alivyomsomea baba. Kaka aliguswa. "Nitakusomea vizuri, mdogo wangu. Neno kwa neno." Shemeji na mpwa wake wakasikia ahadi hiyo. Binti alipobaki na mama yake alimuuliza, "Mama, huoni ni ukatili?" Akajibu, "Naona. Andika."

Marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 14 Agosti 2023, asubuhi, bila maumivu, mkono mmoja kwa mumewe na mwingine kwa mpishi. Binti yake alimpigia kaka mkubwa mapema akamwambia wazi, "Mjomba, mama anafariki leo. Wahi." Akajibiwa, "Usiseme maneno hayo, mtoto." Akafika saa sita mchana. Aya hii imeongezwa na binti, na ndiyo pekee.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, mdogo wake mpishi, na kaka mkubwa. Ameacha pia wanafunzi wengi, ambao anawasihi wavute viti. Msamaha kwa kaka hakuuacha. Alisema ungekuwa wizi kuutoa, kwa sababu mwenye nao ni mwingine, na mwenyewe yuko hai, amesimama nyuma kabisa ya turubai, kwa kuwa ndipo alipozoezwa kusimama.

Dada yenu apumzike kwa amani. Kaka akishakunja karatasi hii asirudi kwenye kiti chake. Aende kule nyuma, na udongo utamsubiri.