Dada Aliyeirudisha Bahasha

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Nyumbani tulimwita Dada. Kazini walimwita Mama Nyuzi, na sababu mtaisikia. Tangu utotoni hakupenda kubahatisha. Baba akimtuma vifungo ishirini, alivihesabu dukani, akavihesabu njiani, akavihesabu tena mlangoni, huku mdogo wake, ndiye anayewasomea wasifu huu, amesimama juani tumbo likinguruma.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akamaliza sekondari 1980, na mwaka 1983 akatunukiwa stashahada ya ufundi wa maabara. Kwenye mtihani wa mwisho aliingia na kalamu sita. Alitumia moja.

Miaka kumi ya mwanzo alipima damu hospitalini. Mwaka 1994 alihamia maabara ya utafiti, chumba namba tisa, akaketi mbele ya hadubini miaka thelathini kasoro kidogo. Alichokitazama ni mitokondria, vile vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu. Alitueleza mara nyingi mezani, chakula kikipoa, kwamba vinu hivyo havitulii: huungana vikawa nyuzi ndefu, hukatika, huungana tena. Kwenye utando wa nje wa kila kimoja zimepachikwa protini zinazoshikana na za jirani na kuvivuta hadi viwe kitu kimoja. Nyingine huita zile zinazovikata. Kuungana na kukatika kukienda sawa, seli ni nzima. Kazi ya Dada ilikuwa kuupima urefu wa nyuzi hizo, uzi mmoja baada ya mwingine.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya maabara ya hospitali, kisha akarudi mara nne kutengeneza taa ambayo haikuwa na ubovu wowote. Shemeji hajawahi kukana. Walijaliwa binti na, mwaka 1996, mtoto wa kiume. Kijana alipofika miaka kumi na miwili alianza kujikwaa ovyo. Vipimo vikaonyesha kwamba protini ile ya kuunganisha ina kasoro mwilini mwake, na neva ndefu ziendazo miguuni ndizo zilizotangulia kuumia. Dada alijipiga moyo konde, akarudi kwenye hadubini yake.

Mwaka 2015 maabara ilijaribu dawa kwenye seli za wagonjwa wa aina hiyo. Dada alijua ni sahani zipi za seli hizo zimetiwa dawa, akapima, akaona nyuzi zimerefuka. Jioni akamwambia mwanawe, na kijana akalia kwa furaha. Wiki iliyofuata mkuu wa maabara akaagiza zipimwe upya, lebo zikiwa zimefunikwa. Urefu wote ule ukayeyuka. Dada akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda cha kijana.

"Mwanangu, nilikosea. Dawa haikufanya kitu."

"Kwa hiyo ulinidanganya, mama?"

"Hapana. Nilitamani mno, nikaona nilichotamani."

Hatujawahi kumwona ameumia vile. Kuanzia hapo hakukubali kupima sahani yoyote aliyojua imetoka wapi.

Mwaka 2023 lilianza jaribio jipya: dawa nyingine, sahani sitini, zikiwemo zenye seli za ngozi ya mwanawe. Orodha ya zipi zina dawa na zipi hazina ilifungwa kwenye bahasha, ndani ya droo ya mkuu. Mdogo wake huyuhuyu mnayemsikia, ambaye subira hakujaliwa, alimwambia, "Dada, si uchungulie kidogo tu? Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nikichungulia nitapima kwa moyo, na moyo hauna rula."

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifanya kazi hadi Aprili, mto mgongoni, akafikisha sahani arobaini na tisa. Mwezi Mei mkuu wa maabara alikuja wodini na bahasha ile.

"Mama Nyuzi, umefanya ya kutosha. Ngoja tuifungue, ujue."

Mdogo wake alikwisha kunyoosha mkono. Dada akamtazama mwanawe, aliyekaa miguuni pa kitanda na fimbo yake.

"Zimebaki kumi na moja," alisema. "Ukifungua sasa, tutajua kabla hazijapimwa. Huyu nilishamwonjesha furaha ya uongo mara moja. Irudishe."

Chumba kizima kikamgeukia kijana.

"Irudisheni," naye akasema. "Nitangoja, mama."

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe.

Ameacha mume, binti, ambaye ni muuguzi, mwana, aliyesimama nasi hapa kwa miguu yake na fimbo moja, wadogo wawili, wajukuu watatu, na sahani kumi na moja ambazo bado hazijapimwa. Jumatatu mwenzake wa chumba namba tisa ataanza nazo, asijue ipi ni ipi. Bahasha itafunguliwa mbele ya kijana, na safari hii atakachosomewa hakuna atakayekuja kumpokonya.

Pumzika, Dada. Sisi tutangoja.