DVD ya Baukje Haichezi

Benchi liko mbele ya duka la mikate la Hinke, mgongo ukutani, uso darajani. Watu wa Aldesyl wanaliita benchi la waongo, na wanaolikalia hawajawahi kulikasirikia jina hilo. Wanasema mwongo mzuri si kazi ya kila mtu. Jumanne ile ya mwezi wa tatu, mwaka 2007, jua lilikuwa limechungulia kidogo, na Hinke alikwishatoa chupa kubwa ya kahawa. Sipke alikuwapo, yule aliyeendesha lori la maziwa. Wanamwita Redio kwa sababu tangu astaafu hajapata mtu wa kumzima. Jelle alikuwapo, mtunza majengo wa shule kwa miaka ishirini na sita, ambaye anaamini elimu yote ilimwingia kupitia mpini wa fagio; huyo ni Profesa. Wa tatu akafika mwendo wa saa tano, kofia mkononi: Oene, mlinzi mstaafu wa daraja, aliyekuwa akilinyanyua ili meli zipite. Kwa kawaida Oene huja kusikiliza. Siku hiyo alikuja na neno mdomoni.

— Haichezi, alisema kabla hata hajaketi.

— Haichezi nini? Redio akauliza.

— DVD ya Baukje. Nimeipeleka pale nyumba ya wazee asubuhi hii. Wameitia kwenye deki, deki ikanguruma, ikawaza, ikawaza, halafu ikaandika: hakuna diski. Hakuna diski! Na diski nimeitia kwa mkono wangu huu!

Hakuna aliyecheka. Baukje ni mkewe, na sasa anatunzwa pale nyumba ya wazee. Mwezi wa kumi na moja alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala, na maneno yakamkimbia. Mwanamke aliyekuwa akiwapigia kelele manahodha kutoka dirisha la jikoni, sasa anahangaika na neno moja robo saa. Mwalimu wake wa kuongea alimwambia Oene kwamba huenda akiisikia sauti yake mwenyewe ya zamani, kitu kitaamka. Oene akakumbuka ile kanda ya video ya sherehe yao ya miaka arobaini ya ndoa, ambapo Baukje alisimama akahutubia dakika kumi na mbili bila karatasi. Akaazima mashine ya kuchomea DVD kwa mpwa wake, akakesha nayo wiki nzima. Saa tisa alasiri ya siku hiyo viti vingepangwa ukumbini, wazee wote wakae, Baukje mbele.

— Lete hapa, Redio alisema, akainyanyua diski akaichungulia juani. Ahaa. Tatizo nimeliona.

— Hujaliona, Profesa alisema.

— Nimeliona! Kuna DVD za kujumlisha na DVD za kutoa. Tazama alama hii ndogo kando ya R. Hii ni ya kujumlisha. Deki ya wazee itakuwa ya kutoa. Utamlishaje ng'ombe samaki?

— Redio, mambo hayo yalikuwa ya deki za zamani. Ile imenunuliwa mwaka jana. Inakula zote.

— Wewe umejuaje?

— Nilikuwapo ikifunguliwa kwenye boksi. Oene, nisikilize mimi. Hapa juu umeandika nini?

— Nimeandika "Baukje, miaka arobaini."

— Kwa kalamu ipi?

— Hii nene, ya kuandikia makreti.

— Basi kwisha habari! Wino umepenya. Umeingia mpaka kwenye picha. Deki inatafuta sherehe, inakutana na wino.

Hinke alikuwa mlangoni na aproni yake, anapangusa mikono.

— Mimi zangu zote naandika kwa kalamu hiyohiyo, alisema. Na zinacheza.

— Labda wino wako una unga, Profesa akamjibu, nao wakacheka, isipokuwa Oene.

Oene aliinywa kahawa yake haraka, ikamwunguza ulimi. Miaka thelathini na moja alikuwa akibonyeza kitufe, tani arobaini za chuma zinanyanyuka. Sasa alikuwa ameshindwa na kitu chepesi kuliko biskuti.

— Uliichoma kwa mwendo gani? Redio alidakia tena. Maana watu wanakimbiza, wanataka dakika tano iwe tayari. Diski inashika juujuu tu.

— Sikukimbiza. Kanda ilicheza dakika arobaini, na mashine ikarekodi dakika arobaini.

— Dakika arobaini! Basi umeichoma polepole mno, bwana. Imeungua!

— Au lenzi ya deki yao ni chafu, Hinke alisema. Pale ukumbini wanakula supu mchana na jioni. Mvuke ule wote unakwenda wapi?

— Jana wametazama ya kununua, Oene alisema. Ilicheza mwanzo mpaka mwisho.

— Ya kununua inang'aa zaidi, Hinke alijitetea. Hata jicho lenye ukungu linaona taa kubwa.

— Hapo kuna hoja, alisema Profesa, ambaye hajawahi kumkubalia mtu yeyote bila kumpita. Lakini mnasahau jambo moja. Oene, asubuhi umepita njia gani?

— Darajani. Kuna njia nyingine?

— Na DVD ilikuwa mfuko gani?

— Wa kushoto.

— Upande wa mota ya daraja! Mabwana, mota ile ina sumaku kubwa kama ndama. Umepita na diski hatua mbili tu kutoka pale, ikafuta kila kitu. Sherehe nzima imebaki pale darajani.

Hapo Oene alisimama.

— Profesa, nakuheshimu, lakini daraja langu usiliguse. Miaka thelathini na moja nimekaa juu ya mota ile, saa yangu haijachelewa, na akili yangu iko hapa.

— Hilo la akili tuliache, Redio alisema. Mimi nadhani tatizo liko kulekule ndani. Mle mna wazee kumi na wanne wenye betri moyoni. Kumi na wanne! Wakikaa chumba kimoja, betri zote zinapiga, tu, tu, tu. Deki itasikia diski gani?

— Jana walikaa vilevile, ikacheza!

— Jana labda walikuwa wametulia. Filamu ya kununua haimhusu mtu. Leo wamesikia atahutubia Baukje, mioyo ikawaenda mbio.

Profesa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Oene naye alicheka, akashangaa kujisikia. Ndipo Hinke akaja akaketi kwenye ukingo wa benchi, jambo ambalo halifanyi kukiwa na mkate ovenini.

— Hebu niulize. Nyumbani kwako inacheza?

— Kwenye mashine iliyoichoma inacheza vizuri kabisa. Nimeitazama mara sita.

— Na kwenye deki nyingine yoyote?

— Sina nyingine.

— Basi diski ni nzima, na deki yao ni nzima. Mashine iliyoichoma inaielewa, wageni hawaielewi. Ulipomaliza, uliifunga?

— Kuifunga vipi?

— Mashine inauliza mwishoni. Ukishachoma inakuuliza, je, tuifunge diski? Ukikataa, inabaki wazi, na deki nyingine zinaiona kama haipo.

 Oene alitazama maji ya mfereji chini ya daraja.

— Iliniuliza, alisema. Nikabonyeza hapana.

— Kwa nini, baba?

— Iliandika kwamba ikishafungwa haiwezi kuongezwa kitu tena. Nikaona... bado Baukje yupo. Nitaifungaje, kana kwamba ameshamaliza kusema?

  Mashua moja ilipita chini ya daraja, na hata Redio, anayewajua wenye mashua wote, hakutaja jina la mwenyewe.

— Nenda kaifunge, Hinke alisema taratibu. Akipata la kuongeza, utachoma nyingine. Ninazo tupu kumi ndani, nitakupa.

Nyumba ya Oene iko upande wa pili wa mfereji. Alikwenda kwa mwendo ambao hawajamwona nao tangu meli ya mchanga ilipokwama darajani, na baada ya muda si mrefu akarudi akihema, diski imo kwenye bahasha, bahasha imo ndani ya shati. Hinke ana deki ndogo na televisheni nyuma ya kaunta, ya kutazamia mchana wateja wakipungua. Wakajazana mlangoni wote. Deki ikanguruma, ikawaza. Halafu ukumbi ukatokea, maua mezani, na Baukje wa miaka mitano iliyopita, gauni la buluu, glasi mkononi.

— "Mimi mume wangu kazi yake ni kuwazuia watu," sauti ilisema, nene, ya haraka, ikijaza duka. "Miaka arobaini nimemngoja anifungulie njia, mwishowe nikajipitia tu!"

Redio aliangua kicheko kama vile ndiyo mara ya kwanza, wakati siku ya sherehe yenyewe alikuwa meza ya pili. Profesa alitoa leso akasema unga unamwasha macho.

— Si niliwaambia! Redio akapiga kaunta. Diski haikuwa na kosa!

— Ulituambia lini? Profesa akamkatiza. Wewe ulisema betri!

— Samahani, sauti ya kike ilisema nyuma yao.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, koti la mvua, mkoba wenye mikasi na vitana. Marrit, mtengeneza nywele mpya wa nyumba ya wazee, hana hata wiki tatu mjini. Alikuja kununua mkate wa sukari.

— Huyo ni mama Baukje? Yule ninayemwosha nywele Jumanne?

— Ndiye mwenyewe, Oene alisema kwa fahari. Leo saa tisa wanamwona wote, ukumbini. Akijisikia hivi, ataamka.

Marrit alitazama kioo cha televisheni, akaisikiliza ile sauti mpaka watu wa kwenye sherehe wakapiga makofi.

— Na yeye mwenyewe anataka?

 Redio alimtazama Hinke. Hinke alitazama sakafu. Oene aliinama akaitoa diski kwenye deki, akairudisha kwenye bahasha. Alikuwa amemuuliza mpwa wake, mwalimu wa kuongea, muuza diski, mkuu wa nyumba ya wazee, na benchi zima. Baukje peke yake ndiye ambaye hakuwa amemuuliza.

Alimkuta Baukje chumbani kwake pale nyumba ya wazee, karibu na dirisha, nywele zimeshapangwa, mkono wa kulia juu ya mto. Ukumbini walikuwa wanaburuta viti. Oene akavuta kigoda, akaketi chini yake kidogo ili wasipishane macho.

— Baukje, mke wangu. Hapa kuna sherehe yetu. Ile hotuba yako. Inacheza sasa. Wanataka kuionyesha kule, mbele ya watu. Unataka?

 Baukje akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua diski, akaigeuza, akasoma jina lake. Akavuta droo ya kimeza cha kitanda, akailaza ndani juu ya leso, akaisukuma droo mpaka ikagota. Si kwa hasira. Kama mtu anayehifadhi hati.

— Sawa, Oene alisema. Sawa. Nitawaambia waviondoe viti.

Akataka kuinuka, Baukje akamshika mkono wa shati. Mdomo ukaanza kazi. Ulikwenda, ukarudi, ukakwama. Oene, ambaye kila siku humalizia neno kwa niaba yake, safari hii aliuma meno akangoja.

— We... we. Se. Sema we... we.

— Niseme nini?

Akainua bega la kushoto: lolote. Oene akaanza na hali ya hewa. Akapungiwa mkono, si hilo. Akaanza habari za manahodha. Si hilo. Basi akasema ambayo hakuwa amemwambia mtu: kwamba tangu mwezi wa kumi na moja analala kwenye kochi, kwa sababu kitanda ni kipana mno, kwamba sufuria yake ya supu ameiunguza mpaka tako likatoka, kwamba Jumapili aliimwagilia maji ile mimea ya dirishani, miezi minne sasa anaimwagilia, na juzi tu ndipo alipogundua kwamba mitatu ni ya plastiki.

Baukje akacheka. Kicheko kilitoka chote, kinene, cha haraka, bila kukwama popote, kikavuka mlango mpaka ukumbini, na kule waliokuwa wanaburuta viti wakasimama kusikiliza.