Fundi Asiyeegemea Kiti

Nimepanda mabasi mengi, sijaona abiria akikataa kuegemea kiti alicholipia. Fundi cherehani huyu alikaa ameinama njia nzima, akimwambia mama wa pembeni yake: "Utando wa moyo wangu umevimba, mama, na vidonge vimeshindwa. Leo daktari ataamua: nichomwe sindano kila siku, au wanipasue wautoe."

"Wautoe, moyo ubaki uchi? Kwani unaumwa saa zote?"

"Nikiinamia cherehani maumivu yanatulia. Nikilala chali, ni moto. Daktari akiniuliza, namwambia kazini sina shida."

"We mwanangu! Kwani anatibu cherehani huyo? Mwambie ya kitandani!"

"Nikimwambia, si atachagua kisu?"

Basi lilisimama kwenye lango la hospitali, na fundi akashuka vilevile, ameinama, kana kwamba bado anashona.