Punguzo Lisiloombwa: Risala ya Wauzaji wa Gongoni kwa Mkurugenzi wa Gulio Mkononi

Mgeni rasmi, Ndugu Fikiri Ngassa, Mkurugenzi wa soko la mtandaoni la Gulio Mkononi,

KARIBU
Sisi wauzaji wako ishirini na sita wa Gongoni tunakukaribisha Tabora. Tumezoea kukuona kwenye simu, umeshika bango la punguzo. Leo umekuja bila bango, tukapumua.

TULIKOTOKA
Mji huu umeuziana na wasafiri tangu enzi za misafara. Mnunuzi huomba, muuzaji hugoma kidogo, wakakutana katikati. Ndiyo maana mwenzetu Mwanahawa, muuza asali, alipofungua duka kwako mwaka jana alipata shida: kwenye simu hakuna wa kubishana naye. Akaandika bei yake ya mwisho, shilingi elfu kumi na tano kwa chupa.

Mzee Shomari, jirani yake wa duka, alijishika kichwa. "Mwanangu, umetaja bei ya mwisho kabla mteja hajakusalimia?"

"Si ndiyo bei yenyewe, baba?"

MAFANIKIO
Mwezi wa sita Gulio Mkononi lilishusha bei yake kwa asilimia ishirini bila kumuuliza. Chupa ikawa elfu kumi na mbili. Oda zikamiminika. Aliuza chupa sitini kwa wiki moja, nanyi mkamtumia cheti cha Muuzaji Bora. Tulimpigia vigelegele. Hata wewe, mgeni rasmi, ulinunua tatu, ukaandika: "Asali safi, bei nzuri mno." Tunaafiki yote mawili.

CHANGAMOTO
Vigelegele vilikoma alipopiga hesabu. Asali, chupa na usafiri vinamgharimu elfu kumi na moja na mia tano. Ada yenu ni asilimia kumi ya mauzo. Kwa bei yake mwenyewe alikuwa anabakiwa na elfu mbili. Kwa bei yenu kila chupa ilimtoa mia saba mfukoni, na sitini zikamtoa elfu arobaini na mbili. Kadiri alivyokuwa bora ndivyo alivyozidi kuumia.

Na bado mteja mmoja akampigia: "Dada, hilo punguzo ni la kampuni. La kwako liko wapi?"

Wengine wetu tumeshapata dawa, tunakiri mbele yako: tunapandisha bei Ijumaa ili mje kuishusha Jumatatu. Tulimshauri naye afanye hivyo.

"Anayenunua hapa dukani kwa kumi na tano, akiona bei nyingine kwenye simu, nitamtazamaje?" akatuuliza. Tangu siku hiyo tunamkwepa macho.

MAOMBI
Jumatatu ijayo mmetangaza punguzo jingine, asilimia thelathini, maduka yote. Tunaomba muuzaji aulizwe kwanza, na akikataa asifichwe chini kabisa ya orodha. Mkipenda sana kupunguza, ada yenu nayo ipungue, tufurahi pamoja.

Mwanahawa yuko mstari wa mbele, mwenye mtandio wa kijani, simu mkononi. Ukikubali, ataagiza madumu manne ya asali kutoka Kigwa leo hii. Ukikataa, Jumapili atafunga duka lake kwako. Kwa hiyo tunakuomba kwa heshima zote, usituambie, "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Tuambie ndiyo, au tuambie hapana.

Mungu akujalie afya, safari njema na jibu fupi.

Ni sisi,
Umoja wa Wauzaji wa Mtandaoni, Gongoni, Tabora