Nilikata Sentensi Kabla ya "Lakini"

Bwana asifiwe, akina mama. Amina yenu ni kubwa, ila makofi yawekeni akiba kwanza. Mkishanisikiliza mtajua kama nayastahili.

Mnanijua. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Ilomba, na wengi wenu niliwauzia vile vidonge vya kijani vya kupunguza mwili. Sikuanza kwa ubaya. Rafiki aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp la wauzaji, na walipogundua Kiingereza nakimudu wakanipa kazi: nitafute tafiti mtandaoni, nichukue sentensi nzuri, niipige picha na kuitafsiri. Mteja akiona maandishi ya kisayansi, anatulia. Na mimi, nisiwafiche, nilipenda kuitwa "mtaalamu wetu".

Siku moja nikapata ukurasa uliotufaa. Ulisema kitu kilichomo kwenye vidonge vile hakikuonyesha madhara makubwa kwa watu wenye afya njema, "lakini..." Baada ya hilo "lakini" kulikuwa na habari ya ini: kwamba kwa baadhi ya watu linaweza kuumia, na anayetumia dawa nyingine amwone daktari kwanza. Ndugu zangu, nawaambia, niliyasoma yote. Nikaikata picha kabla ya "lakini". Hata "watu wenye afya njema" nikayaondoa kwenye tafsiri. Nikaandika: "Sayansi imethibitisha, haina madhara." Kundi zima likanipongeza.

Mtu wa kwanza niliyemtumia picha ile alikuwa dada yangu. Anaishi Igowole, analima viazi na maharage, na ana presha. Akanipigia.

"Mdogo wangu, havitagombana na dawa zangu?"

"Dada, hii siyo dawa," nikamjibu, kama tulivyofundishwa. "Ni dawa lishe. Yaani chakula. Chakula kinagombana na nini?"

Akacheka, nami nikampelekea kopo kwa basi.

Wiki chache baadaye shemeji akapiga simu. Macho ya dada yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, hata uji haupiti, na amelazwa hospitalini. Nikasafiri siku hiyohiyo. Nilipoingia wodini, daktari, mama mtu mzima, alikuwa anamhoji.

"Mama, ini lako limeumia. Unakunywa pombe, ulanzi?"

"Sinywi, daktari. Mume wangu ni mzee wa kanisa."

"Ukiacha za presha, kuna dawa nyingine unatumia?"

"Hakuna."

Hakudanganya. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba vile si dawa. Daktari akanitazama kama anayesubiri neno, nami nikatazama sakafu. Nikajiambia, nitasema akirudi. Akarudi jioni, nikanyamaza.

Mnacheka ulanzi, eeh? Kule kwetu si jambo la kucheka kwa mke wa mzee wa kanisa. Waliokuja kumwona walianza kunong'ona koridoni kwamba kumbe mama anajificha na vibuyu. Shemeji akawasikia. Akakaa pembeni ya kitanda, akamwambia taratibu, "Niambie tu, sitakasirika." Dada akageukia ukutani akalia. Na mimi nipo palepale, nimekaa, mdomo nimeufunga! Niliogopa. Sikumwogopea yeye, nilijiogopea mimi.

Asubuhi nikamletea uji. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kopo langu, akamimina vidonge viwili kiganjani.

"Nimekuwa nikivinywa hapahapa," akasema. "Labda vitanipa nguvu. Si chakula?"

Nilimkamata mkono mpaka uji ukatumwagikia wote. Nikapiga ukelele wodi nzima ikageuka: "Daktari! Siyo ulanzi! Ni mimi!"

Daktari akaja mbio. Na dada, maskini, akanitetea. Akafungua simu yake akamwonyesha ile picha. "Mdogo wangu ni mwalimu, daktari. Ona, wataalamu wamepima."

Daktari akaisoma, akaniangalia. "Mwalimu, sentensi hii haina nukta. Iliyobaki iko wapi?"

Mimi ninayekata alama za watoto kwa nukta! Nikatoa simu yangu, nikawasomea ukurasa mzima kwa Kiswahili, dada na shemeji wakisikia. Kwenye "lakini" nikaishusha simu.

"Endelea," daktari akasema.

Nikaendelea.

Vidonge vikasimamishwa saa ileile, na daktari akajua sasa anapambana na nini. Tulingoja siku nyingi, kila asubuhi nikimchungulia macho. Njano iliondoka polepole mno, lakini iliondoka. Sasa hivi yuko shambani. Alinisamehe kabla sijaomba, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru shemeji, aliyesimama kanisani kwao akasafisha jina la mkewe, ingawa mimi alichukua muda kunisalimia. Namshukuru mama mchungaji, aliyetembea nami nyumba kwa nyumba nikikusanya makopo. Kule kwenye kundi niliweka ukurasa mzima. Kabla chai haijapoa walikuwa wameshanitoa.

Wapendwa, mtu akikuonyesha utafiti kwenye simu, mwambie akupe na uliobaki. Na kila unachomeza mtajie daktari, hata kama kinaitwa lishe, hata kama aliyekuuzia mnaimba naye kwaya.

Kopo moja bado sijalipata. Nililiuza hapo mlangoni, baada ya ibada ya mavuno, kwa mama ambaye hata jina sikumuuliza. Aliniambia anakunywa dawa kila siku. Nikamjibu kwamba hiki ni chakula. Kama mnamfahamu, msingoje wimbo wa mwisho, mpigieni sasa. Na kama ni wewe, mama, umekaa humu unanisikiliza, usione aibu kusimama. Aibu ni yangu. Wewe nipe tu hilo kopo.