Mama Kilele na Lenzi Ndogo Iliyokata Mlima

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Sauti yangu leo imechoka, mtanisamehe. Hii ni kumbukumbu ya tatu wiki hii, na feni ya studio imegoma tangu Jumatatu. Nilimwambia fundi mitambo, mwenzangu, ya leo tuifanye fupi. Akaniangalia tu. Ananijua.

Leo tunamkumbuka mpiga picha. Mpiga picha wa milima, mabonde na mawingu. Sura yake wengi hamkuiona, lakini picha yake mmeamka nayo. Ile kalenda ya ukutani yenye mlima wa kilele kilichochongoka, na bonde lote chini yake, ilikuwa kazi yake. Kila mwaka mlima ule ule, kutoka pale pale. Miaka ishirini na minane alipanda kuupiga. Watu wakamwita Mama Kilele.

Mama Kilele amefariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Aliugua mapafu kwa wiki tatu, akazikwa Alhamisi iliyopita. Ameacha mume na binti mmoja, mshonaji.

Mume wake ndiye aliyembebea begi la kamera. Tangu mwaka wa kwanza, begi lilikuwa la mume. Yeye mke mbele na kofia yake, mume nyuma na mzigo. Watu wakamwita Mzee Begi, wala hakukasirika. "Kila mtu na cheo chake," alikuwa akisema.

Sasa mnivumilie niwaeleze habari ya lenzi, maana bila lenzi kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Mpiga picha wa mandhari anataka lenzi pana, inayomeza eneo kubwa kwa mara moja. Upana wake hupimwa kwa milimita. Namba ikiwa ndogo, lenzi inaona zaidi pembeni. Ya Mama Kilele ilianzia kumi na nne. Ilikuwa lenzi ya kuvuta, unazungusha pete yake mandhari yanasogea au yanapanuka. Lenzi nzuri. Lakini nzito. Kioo cha mbele kimevimba kama jicho la chura, na peke yake ilipita kilo moja. Weka kamera, weka stendi ya miguu mitatu, weka na maji. Hilo begi mimi nililinyanyua juzi pale nyumbani kwao nikalirudisha chini haraka.

Uzuri wake ni kwamba ilikuwa inaona vyote. Kushoto kilele, katikati bonde, kulia kona ya ile njia ya kupandia. Vyote kwenye picha moja. Na pale anaposimama, nyuma ni ukuta wa mwamba. Huwezi kurudi nyuma hata nusu hatua. Kisichoingia kwenye lenzi hakiingii, basi. Kuna waliomshauri apige picha mbili kisha aziunge kwenye kompyuta. Akawajibu, "Mshonaji yuko mmoja nyumbani, ni binti yangu. Mimi siungi viraka."

Miaka ishirini na miwili alipiga kwa lenzi hiyo kubwa. Nairudia, ishirini na miwili. Kisha mgongo wa Mzee Begi ukakataa.

Alikuwa ameficha maumivu karibu mwaka mzima. Siku moja aliinama kufunga kamba za viatu akabaki pale pale, kama mtu aliyedondosha kitu na amesahau ni kitu gani. Daktari akampiga marufuku mizigo. Kisizidi birika la chai, ndivyo alivyoambiwa. Na kumlipa mtu mwingine abebe haikuwezekana. "Baba angemnyang'anya begi njiani," binti yao aliniambia. "Tunamjua."

Hapo ndipo Mama Kilele akaanza kutafuta lenzi ndogo. Ndogo, nyepesi, pana kiasi, ambayo angeweza kuibeba mwenyewe begani. Ilimchukua miezi minane. Kuna watu wamechumbia na kuoa kwa muda mfupi kuliko huo.

Alikuwa na utaratibu wake, na ushahidi wake nimeuona kwa macho. Haamini karatasi za dukani. Akiambiwa lenzi fulani ina gramu kadhaa, anarudi nyumbani, anachukua soksi, anaijaza mchanga mpaka mizani ikubali. Anaifunga kamba, anaivaa shingoni. Anapika nayo. Anafagia nayo. Anapanda nayo ngazi za ghorofa ya tatu wanakokaa. Wiki nzima. Shingo ikilalamika, lenzi imeanguka mtihani. Majirani walimcheka. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Soksi tano bado zimetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, kila moja na karatasi ya uzito wake.

"Zote zangu," Mzee Begi aliniambia. "Na zote za kushoto. Sijui kwa nini hakuchukua jozi."

Iliyoshinda ilikuwa ya gramu mia nne na ishirini. Inajaa kiganjani. Kioo cha mbele bapa, unakifuta kwa kona ya kitambaa. Ila ilianzia milimita kumi na saba, si kumi na nne. Mtasema, milimita tatu tu. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini pale kwenye mwamba milimita tatu ni mlima mzima. Ukiingiza kilele, kona ya njia inatoka. Ukiingiza kona ya njia, kilele kinakatika. Lazima uchague.

Mama Kilele akachagua kukata kilele. Ndiyo, wapendwa. Yeye. Mwaka wa kwanza wachapaji wa kalenda walidhani amekosea. Mwaka wa pili wakamwandikia barua. Mwaka wa tatu wakatafuta mpiga picha mwingine. Mmoja wao akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maneno hayo yakamfikia. Aliendelea kupanda kila mwaka, akapiga mlima wake uliokatwa kichwa, akautundika ukumbini kwake. Miaka sita. Picha sita, zimepangwa ukutani, na zote hazina kilele.

Jumamosi nilikwenda kumpa pole mume. Nilikwenda na kinasa sauti changu na uchovu wangu. Nilitegemea maneno ya kawaida, alikuwa mtu wa watu, na kadhalika. Mzee Begi hakunipa hayo.

"Mwanangu," aliniambia, "mke wangu alinistaafisha. Bila barua, bila sherehe. Siku alipoileta ile lenzi alinionyesha kwenye kiganja, akasema, sasa nitabeba mwenyewe. Nikamwambia, vizuri. Haikuwa vizuri. Mimi nilikuwa begi. Begi likiisha, nabaki nani?"

Nikamuuliza kama aliacha kupanda naye. Hakuacha. Alikuwa akipanda mpaka ile kona ya njia, kwenye jiwe, anakaa na chupa ya chai. Hapo mgongo ulikuwa ukimwambia mwisho. Mke anamalizia mwinuko peke yake. Zamani mume alisimama kando yake amemshikia mwavuli. Sasa akawa mtu wa kungoja.

Nikamuuliza juu ya zile picha sita ukumbini. "Sijawahi kuzitazama vizuri," alisema. "Napita tu. Ni za ile lenzi." Halafu akasema kitu nilichokibeba njia nzima. "Kule hospitali alinishika mkono. Nami nilikuwa bado nimenuna. Miaka sita, nimenuna. Amekwenda sijamwambia kitu."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini sikujua mshindo wenyewe ungetokea dukani.

Jumatatu nilikwenda kwa muuza kamera. Duka lake ni dogo, kabati za kioo pande zote, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Mzee mwembamba, mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Yeye ndiye aliyemuuzia Mama Kilele lenzi zote mbili, kubwa na ndogo. Nilitaka tu anieleze milimita, nisije nikawadanganya wasikilizaji.

Akaniambia hivi. Kabla ya kununua ile ndogo, Mama Kilele aliiazima siku moja, akapanda nayo, akarudi na picha ya majaribio. Akaiweka mezani.

"Nikamwambia, mama, hii haikufai, inakata kilele. Naona haya kukuuzia," alisema muuza kamera. "Akanijibu, kilele nimekipiga miaka ishirini na miwili, kimetosha. Nikiendelea na ile kubwa atalibeba begi tu, nami nitampoteza mzee wangu. Halafu akaweka kidole pembe ya kulia, chini. Kulikuwa na nukta. Nikamuuliza, huyu nani? Maana yeye alikuwa hataki mtu kwenye picha zake. Mtu akiingia anafuta. Akasema, huyo ndiye anayenisubiri."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mumewe. Muuza kamera akacheka kidogo, kicheko cha msiba. "Alinikataza. Alisema, akijua atahama lile jiwe. Mzee hapendi kupigwa picha, hata kwenye picha ya harusi yao anatazama dirishani."

Akanipa kikuzaji chake, kile kidogo cha kuwekea jichoni. Akasema nitakirudisha nikimaliza.

Nilirudi kule nyumbani Jumanne. Ghorofa ya tatu, na magoti yangu si ya jana. Binti yao akafungua mlango, uzi wa kushonea ukiwa bado shingoni. Nilimweleza Mzee Begi maneno ya muuza kamera kama nilivyowaeleza ninyi, bila kuongeza chumvi. Alinyoosha mkono, nikampa kikuzaji.

Alianza na picha ya mwaka wa kwanza. Pembe ya kulia, chini, kwenye kona ya njia. Akainama, mgongo huku ukimlalamikia. Binti akamletea kiti.

Alikuwepo, wasikilizaji wapendwa. Kwenye picha zote sita. Mwaka wa kwanza ameinamisha kichwa. Wa pili anamimina chai. Wa tatu amewapa mgongo mlima, mke na dunia nzima. "Siku hiyo tuligombana," alisema. Wa nne kofia imefunika uso, amesinzia. Wa tano anavua kiatu. Mambo ya mtu asiyejua anatazamwa.

Mwaka wa sita alikaa nao muda mrefu. Mle ana mkono juu. Binti akamuuliza, baba, unampungia? Akasema, hapana. "Nilikuwa nikimwita. Wingu lilikuwa linakuja. Nilimwambia ashuke, imetosha." Akaondoa kikuzaji jichoni. "Kumbe alikuwa ananipiga mimi."

Akalia. Nami nililia, kwa nini niwafiche. Mtangazaji wa miaka kumi na tisa kazini, na kinasa sauti kimewashwa. Sehemu hiyo sitaiweka hewani. Ni yake.

Kwa niaba ya kituo hiki, na ya fundi mitambo ambaye ananionyesha saa ila macho yake mekundu, tunampa pole Mzee Begi. Tunampa pole binti yao. Tunawapa pole wote waliowahi kuning'iniza ule mlima ukutani. Mungu awape subira, naye mama apumzike.

Na ninyi mnaonisikiliza, niwaombe jambo moja, nami najiomba hilo hilo. Kama kuna mtu umemnunia miaka mingi kwa sababu alikupunguzia kazi, muulize leo kwa nini alifanya hivyo. Muulize kwa mdomo, angali hai. Muuza kamera mwenye siri hatakuwepo kila mahali.

Nilipokuwa naaga, Mzee Begi alinisindikiza mpaka jikoni, maana mlango wa nje uko huko. Akaisogelea mizigo ile ya soksi, akasoma karatasi moja moja, akachukua ile ya gramu mia nne na ishirini. Akaivaa shingoni. Akasimama nayo hivyo, wima, kama mtu anayepimwa urefu.

"Nyepesi hii," alisema. "Kesho binti atanisindikiza mpaka lile jiwe. Kamera nitabeba mimi."