Lipe Nafasi Lipumue

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinyozi, guu moja limewekewa tofali, na pembeni Bi Birika na kahawa yake tangu alfajiri. Wenye benchi wanajulikana. Yuko Kinyozi, anayenyoa kwa mikono na kubishana kwa mdomo, wala kimoja hakimzuii mwenziwe. Yuko Saa, fundi wa saa, mkono wa kushoto umevaa saa nne za wateja na hakuna mbili zinazokubaliana. Yuko Hakimu, ambaye mahakama anaiona kwa nje tu, ila hukata kila shauri la mtaa kwa methali, na methali zenyewe huziokota popote. Halafu yuko Polepole, mume wa muoka keki, na asubuhi hiyo shauri lilikuwa lake. Aliliegesha pale pale mbele yao: gari lake la dizeli, boneti wazi, milango wazi, kama mgonjwa aliyetolewa nje apate jua.

Taa ya rangi ya chungwa ilikuwa imewaka kwenye dashibodi na haitaki kuzimika. Gari limeishiwa nguvu. Kilima cha sokoni sasa linapitwa na watoto wa baiskeli, tena wanapungia mkono. Na Jumamosi hii binti yake pekee anaolewa, kule mji wa pili, mwisho wa barabara kuu, na keki ya harusi anaioka mama mtu mwenyewe, ghorofa nne. Mama huyo alianza kuiwaza keki ile tangu mtoto anaota meno. Polepole alikuwa amekwishaamua kimoyomoyo kuwaambia wakwe waagize keki huko huko kwao. Mkewe bado hajaambiwa. Kila akijaribu huishia kuuliza habari za unga, kwa maana ni nani atakayemwambia mama kwamba keki ya mwanawe itaokwa na watu baki?

Fundi wa magari alikwisha kulitazama. Aliingiza kichwa uvunguni, akatoka, akafuta mikono, akasema chujio la moshi limeziba kwa masizi, kisha akamaliza hivi: hili gari lipe nafasi lipumue. Siku ya pili akasafiri kwao, simu haipatikani. Basi benchi likabaki na maneno matatu ya fundi bila fundi, na wiki nzima walikuwa wanayatafsiri.

— Kupumua ni pua, alisema Kinyozi, huku kichwa cha mteja kiko mikononi mwake, nusu kimenyolewa. Pua ya gari ni bomba la moshi. Mtu akizibwa pua anafukizwa. Tulifukize.

Polepole akakiri kwa sauti ya chini kwamba jana alikwisha kulifukiza. Aliweka ndoo ya maji ya moto uvunguni na blanketi la mkewe juu. Asubuhi taa ilikuwa bado inawaka, na blanketi linanuka dizeli. Hilo nalo mkewe hajaambiwa.

— Nyinyi hamjui mashine, alisema Saa. Injini na saa ni ukoo mmoja. Fundi kasema lipe nafasi, maana yake lipumzike.

— Si linapumzika? aliuliza Polepole. Wiki hii limekwenda ukumbini na shuleni tu, kupeleka keki.

— Limepumzika kwa saa zetu. Gari hili kwao ng'ambo. Huku mchana, kwao usiku wa manane. Wewe kila siku unaliamsha usingizini, halafu unashangaa linapiga miayo.

Kinyozi akataka kujua ni ipi kati ya zile saa nne inayofuata wakati wa ng'ambo. Saa akasema zote.

Hakimu alikuwa amengoja zamu yake, kikombe kimetulia gotini.

— Limeziba, sivyo? Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari limejiziba lenyewe, bila kutumwa na mtu. Hilo ni gari lenye adabu. Lipongezwe.

Akaendelea kwamba ugonjwa wa kweli ni kinyongo. Miaka yote hii limebeba keki za watu na halijaonjeshwa hata chembe, na mbeba asali naye hulamba kidole. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema, akainama kweli, akaweka kipande cha keki kwenye mdomo wa bomba la moshi. Bi Birika akakiokota kabla hakijatulia. Alisema atakula kwa niaba ya gari.

Polepole alicheka na wenzake, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Jambo moja tu walikubaliana wote: gari lisisumbuliwe. Na yeye si mtu wa kulisumbua. Kwenye kioo cha nyuma pana kibandiko, POLEPOLE NDIO MWENDO, alichonunua binti yake kwa mshahara wake wa kwanza, kabla hajahamia mji wa pili kikazi. Alikibandika kwa mikono yake. Alisema, Baba, keki zisianguke na wewe usianguke. Tangu siku hiyo mzee akakitii kama dawa ya daktari, ndipo benchi likampa jina. Gia ya tano alikuwa hajui tena inaelekea upande gani.

Saa tatu hivi, kwa saa mojawapo ya Saa, akaja mwanamke mmoja na mkoba wake, ameshuka basi pale kona, anauliza nyumba ya muoka keki. Polepole akasimama, akajifuta mikono iliyokuwa safi. Alikuwa ni shangazi wa bwana harusi. Kwenye simu wakwe walimuuliza Polepole habari za keki mara nyingi, na kila mara jibu lilikuja limezunguka mtaa mzima, kwa hiyo amekuja kusikia kwa masikio yake. Keki inakuja, au waagize?

Akapewa nafasi, akapewa kahawa. Polepole akakaa ncha ya benchi.

— Mkwe wangu, kuhusu keki. Gari linaumwa.

Basi mgeni akaelezwa yote, la pua, la usingizi na la kinyongo. Alisikiliza kwa heshima inayowapasa wakwe, hakucheka hata mara moja, ingawa pale penye blanketi alilazimika kunywa kahawa kwa haraka. Halafu akalitazama gari.

— Kwani hili huwa linakwenda wapi?

— Ukumbini, alisema Polepole. Shuleni. Sokoni.

— Ukumbi uko wapi?

Kinyozi akaonyesha kwa kichana. Paa lake lilikuwa linaonekana.

— Na mbali lilikwenda lini?

Saa alizitazama saa zake zote nne. Hakimu alifungua mdomo, akatafuta methali, akaufunga. Hata mteja wa Kinyozi aligeuka kitini. Polepole alijirudisha nyuma kwa mawazo, akajirudisha tena, mpaka akafika siku aliyolinunua. Siku ile alilileta kwa barabara kuu, na alikuwa anaimba. Baada ya hapo, ukumbini, shuleni, sokoni.

Mara ikasikika sauti ya chuma kutoka uani kwake. Mkewe alikuwa anakwangua tanuri. Sauti hiyo Polepole anaijua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Wiki tanuri likiokewa biskuti tu, kwa moto mdogo, masizi hushika bomba na moshi hurudi jikoni kuwaliza watu. Na dawa yake anaifanya Polepole mwenyewe, kwa mikono yake. Hupasua kuni kavu, akawasha moto mkali, tanuri tupu, akauacha uvume mpaka bomba lifunguke na masizi yabaki jivu la kuokota kwa vidole. Hajapata hata siku moja kulifunika tanuri blanketi.

— Tanuri, alisema.

— Tanuri gani tena? aliuliza Kinyozi.

— Moto mdogo ndio unaoweka masizi. Moto mkali, wa muda mrefu, ndio unaoyala. Fundi hakusema lipumzike. Alisema lipumue. Mtu anavuta pumzi akikimbia, jamani, siyo akilala.

— Chururu si ndo ndo ndo, alisema Hakimu.

Wote wakamgeukia. Miaka yote ya benchi lile hakuna aliyepata kumsikia akiweka methali mahali pake. Mwenyewe alionekana kuogopa kidogo.

Polepole akaingia uani, akamkuta mkewe masizi mpaka viwikoni, akamwambia yote mawili, la keki na la blanketi. La blanketi, mkewe alisema, alikuwa analijua, ana pua. La keki, aliendelea kukwangua tanuri, mpaka Polepole akatamani agombezwe.

— Nenda ukalipumulishe, alisema mwishowe. Ukirudi taa imezimika, keki itakwenda. Ukirudi inawaka, keki itakwenda vile vile, kichwani mwako, kwa miguu.

Mgeni alisema basi lake ni la jioni, kwa hiyo kama ni kukimbia wakimbie kuelekea kwao. Akakaa mbele. Nyuma wakapanda Saa na Hakimu, na Bi Birika aliyelifunga birika kwa kitambaa kizito akalipakata, maana wateja wake wote wanaondoka na yeye auze kwa nani? Kinyozi akapanda kwa sababu ndiye aliyetaja pua. Mteja wake naye akapanda, nusu ya kichwa ina nywele, kwa sababu wembe umepanda.

Walipofika barabara kuu Polepole akaanza kupandisha gia. Gia ya tatu. Ya nne. Ya tano ikaingia bila ugomvi, kumbe siku zote ilikuwa pale pale. Polepole akaushika mwendo mmoja, ule unaoruhusiwa, wala hakuuachia. Baadaye ikaja harufu ya kitu kinachoungua. Kinyozi alisema ndiyo linakata roho. Mgeni alisema hapana, ndiyo linapenga kamasi, na benchi zima likampenda kuanzia hapo. Ubishi ukawaka tena nyuma, wa nani hasa aliyegundua dawa, mpaka Bi Birika, aliyekuwa amechungulia mbele, akauliza taratibu:

— Ile taa yenu iko wapi?

Polepole akatazama. Haikuwapo. Gari lilikuwa linavuta kama siku ile ya kwanza, na kilima kilichokuwa mbele kikaja kikapita wala hakikutajwa na mtu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaanza kuimba, na sauti yake ilikuwa mbaya, na hakuna aliyemkataza. Angeweza kugeuza hapo, lakini hakugeuza. Mgeni alisema, pale kona, kushoto.

Binti alikuwa mlangoni kwake, kule mji wa pili, ananyoosha nguo. Aliliona gari akaacha pasi hewani. Aliona wakishuka mmoja mmoja, Saa, Hakimu, Kinyozi, yule wa nusu kichwa, Bi Birika na birika lake, na mwisho baba yake, ambaye katika miaka mitatu ya binti kukaa kule hajapata kufika hata mara moja, kwa sababu siku zote gari lilikuwa halijawa tayari kwa safari.

— Baba. Mmetoka nyumbani saa ngapi?

Saa akanyoosha mkono. Saa nne zikatoa majibu manne. Bi Birika akamsukuma pembeni, akafungua kitambaa, akammiminia bibi harusi kikombe. Kahawa ilikuwa bado ya moto, inafuka.

Binti akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akaitazama kahawa, akamtazama baba yake.

— Kumbe ni karibu hivi?

Hakimu alitazama chini, Kinyozi akafuta wembe uliokuwa mkavu. Polepole alimkumbatia mwanawe, kikombe na vyote, kahawa ikamwagikia shati lake. Alimwambia kwamba Jumamosi hii atakuja na keki, na Jumamosi nyingine atakuja bila keki.